Bomba Jekundu

Agosti, Firki, nje kidogo ya mji wa Nizwa:
nafungua bomba lenye alama ya buluu
na maji yanatoka ya kusongea ugali.
Tangi liko juu ya paa, jua limelikalia tangu alfajiri.
Naungua kiganja. Nanyamaza.

Siku ya tatu mgeni hupewa jembe.
Mimi nilipewa kadi ya plastiki,
picha nimefumba jicho moja,
na jina nisilolijua.
Semeni lilimpita karani bila taabu.
Mchomvu likamkwama:
lugha yake haina ch, haina v,
akapapasa, akatoa alichokuwa nacho:
Mshumfu.
Nikaitika. Foleni ilikuwa ndefu.

Rayya, ninayelala naye chumba kimoja,
alicheka kwanza, kisha akanifundisha:
zima hita, maji yake yapoe humo ndani kivulini,
halafu fungua jekundu.
Huku, mpaka Oktoba, jekundu ndilo baridi.
Nikaliandika kwenye daftari la haidrolojia,
ukurasa wa kwanza, kabla ya fomula yoyote.

Mengine nilijipindulia mwenyewe.
Jumapili naingia darasani.
Mchana mitaa mitupu kama kijiji kilichokwenda mazikoni,
saa nne usiku watoto wanapiga mpira,
na kijana wa Kerala anayekaanga chapati
ananiuliza kwa Kiarabu kibovu kama changu
kama nataka pilipili.
Tunaelewana mno, sisi wawili tusio na sarufi.

Hakuna aliyeniambia kwamba kikombe cha kahawa
hutikiswa ukitosheka.
Nyumbani kwa kina Rayya, Ibra, nilikunywa tisa,
kwa adabu, moyo ukinienda mbio.
Bibi yake alinisalimu kwa Kiarabu,
akahesabu tende kwa Kiarabu,
lakini mbuzi alipoingia jikoni
ikamtoka: "Toka hapa, mwanakharamu we!"
Kiswahili cha Tabora,
miaka sitini kabatini, hakina hata vumbi.
Nikacheka nikamwaga cha kumi.
Akanigeukia, macho makali:
"Kumbe unasikia!"

Darasani tumefika kwenye falaji.
Maji hugawanywa kwa athari, nusu saa hivi,
zamani wakipima kwa kivuli, usiku kwa nyota.
Mwalimu anauliza nani ameona kitu kama hicho.
Nanyoosha mkono. Nataka kueleza ndiva yetu ya Usangi,
mama na Mama Elinihaki mferejini saa kumi na moja alfajiri,
wakivutana mpini wa jembe,
kila mmoja akiapa zamu ni yake.
Kiarabu changu kinatosha maneno matatu:
Kwetu. Maji. Ugomvi.
Darasa zima linaelewa.
Mvulana wa nyuma anasema baba yake na ami yake
hawajasalimiana miaka kumi na moja
kwa sababu ya athari moja.

Mama akipiga simu haulizi kama nimezoea.
Anauliza: "Maji yapo?"
Nasema yapo.
Simwambii kuhusu Ijumaa jioni,
mabweni yanapobaki matupu, kila mtu kwao,
nami nasikiliza kiyoyozi
kama mtu anayesubiri kisema jina lake.

Kisha asubuhi moja ya Januari
nafungua jekundu kwa mazoea
na baridi ya Kindoroko inanishika mgongo.
Nafungua buluu: baridi vilevile, na zaidi.
Majira yamegeuka bila kuniaga,
mimi ndiyo kwanza nimehitimu kupindua.
Nimesimama na povu kichwani, nacheka,
peke yangu, kwa sauti,
mara ya kwanza ndani ya kuta hizi,
mpaka Rayya anagonga mlango:
"Washa hita, Mshumfu!"

Naitika.